Trei Moja Zaidi

Mwanangu Salma,

Salamu tutapeana kesho asubuhi pale stesheni ya mabasi, kwa mdomo na kwa mikono, kwa hiyo hapa sizianzi. Sasa hivi uko ghorofa ya juu kwa Mama Furaha, unapimwa gauni ambalo hukuliomba, na mimi niko jikoni na miguu yangu hii unayoijua. Donge lilikaa kwenye friji tangu jana, na leo ninalisukuma na kuoka. Kila trei inakaa ndani dakika tano tu, sita ikizidi, basi barua hii nitaiandika kwa vipande vya dakika tano. Ukiona nimekatisha maneno ghafla, ujue nimekimbilia oveni.

Harufu bila shaka imeshapanda huko juu. Najua umekunja pua.

Sitakuambia habari za sweta, wala kula vizuri, wala kutembea na simu mkononi barabarani. Hayo Mama Furaha ameshakuambia mara tatu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, na mara ya nne kwa Kifaransa ili iwe sheria. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na moja na nimechoka kulibeba. Ukishalisoma huenda ukaniona mtu mwingine. Nimelipima, nikaona heri uende Cape Town ukiwa umenikasirikia mimi, kuliko uende ukiwa bado umemkasirikia mtu ambaye hakukukosea.

Ninaandika kwa Kiswahili ingawa najua Kiswahili unakisikia kuliko kukisoma. Soma kwa sauti, kitakuja chenyewe. Kwa Kiingereza mimi najua maneno ya kuombea ruhusa na ya kuombea radhi za haraka. Hapa Joburg mtu akikukanyaga kwenye foleni ya teksi anakuambia "sorry" kabla hata hajainua mguu. Jambo langu halienei kwenye neno hilo.

Ngoja nitoe trei ya kwanza.

Zimetoka vizuri. Bi Marta angeziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha kuona kama ni nyembamba sawasawa, halafu angetafuta moja ya kulalamikia, basi tu, ili nisivimbe kichwa.

Wewe Bi Marta unamjua kwa jina na kwa chuki. Acha nikuambie alikuwa nani. Alikuwa mjane wa Kiswidi. Alikuja nchi hii zamani na mumewe, mume akafa, mtoto wao wa kiume akarudi kuishi kwao Uswidi, naye akabaki kule Kensington na nyumba kubwa, mbwa kiziwi na oveni. Nilianza kazi kwake ulipokuwa na miaka mitatu, mwaka uleule baba yako alipokwenda Tanga kufuata mzigo. Mzigo huo haujafika mpaka leo.

Kila Desemba, jua la huku likiwa linachoma hadi bati linalia, aliniweka jikoni tuoke biskuti za Krismasi za kwao, za nchi yenye theluji. Mara ya kwanza aliponitajia viungo nilicheka. Mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi! Mimi mtoto wa Ngamiani, nimevuka mipaka minne kuja kutafuta maisha, kumbe nimekuja kukutana na chai ya mama yangu ndani ya biskuti ya Mzungu.

Ila tangawizi yake ilikuwa ya unga, ya kwenye kichupa. Nikauona ule ni uvivu. Mtu wa Tanga umwambie atumie tangawizi ya kichupa? Alipokwenda kujilaza mchana, nikachukua tangawizi mbichi, nikaiparua, nikaikanda humo na maji yake yote. Biskuti zikatoka laini, unaikunja inajikunjua. Nilidhani atafoka. Akaonja, akatafuna, akanitazama.

"Ladha imeizidi ya kwangu," akasema. "Lakini haivunjiki. Hii lazima ivunjike, Zuhura."

Ndipo akanionyesha desturi yao. Unaweka biskuti katikati ya kiganja, unaomba jambo moyoni, halafu unaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikivunjika vipande vitatu, ombi lako litajibiwa, kwa sharti moja: usiseme neno mpaka umekwisha kula vipande vyote vitatu. Nikamwambia sisi dua zetu hatuzipitishii kwenye biskuti. Akacheka sana. Akasema hata yeye haamini, ila ameshindwa kuacha tangu utoto wake.

Trei.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Unaijua kwa upande wako, nami nitakupa wa kwangu.

Ulikuwa na miaka minane. Shule ilikuwa inafunga, na wewe peke yako darasani mwako ulichaguliwa kusoma mbele ya wazazi. Ulijifunza kipande kile wiki tatu, mpaka mimi nisiyejua Kizulu cha kutosha nikakijua. Nilikuahidi nitakaa mstari wa mbele nimevaa ile kanga yangu ya kijani, ili usipate shida kunitafuta. Asubuhi ile niliikunja kanga nikaitia kwenye mkoba mbele ya macho yako. Ulinikumbusha mlangoni, "Saa sita, Mama. Usichelewe."

Sikuja. Alikuja Mama Furaha na simu yake. Na jioni niliporudi nilikuambia kwamba Bi Marta amenikatalia ruhusa.

Salma, Bi Marta hakunikatalia.

Nimeliandika. Acha nikae kidogo.

Ilikuwa hivi. Saa nne yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Zuhura, leo si ndiyo siku ya mtoto? Vua aproni uende." Nikamwambia muda bado upo, nimalize trei hii. Wakaja wanawake wawili wa kanisa lao, walikuwa na mnada wao wa Krismasi na biskuti zetu zilikuwa zinakwenda huko. Bi Marta akawatengenezea kahawa, akawaleta jikoni, akanishika bega. Akawaambia, "Huyu sasa ndiye mwalimu wangu. Mimi mikono imeshakuwa mizito. Mtazameni anavyosukuma."

Wakasimama kunitazama. Mmoja akatoa daftari, akawa ananiuliza unene, moto, donge lilale muda gani, na kila nilichojibu anaandika. Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la saba. Katika mji huu nimeitwa kila jina wanaloitwa watu waliotoka mbali, na mengine uliyasikia ukiwa mgongoni kwangu. Mtu kuandika kwenye daftari maneno yanayotoka mdomoni mwangu, hilo lilikuwa halijapata kunitokea. Nikasema, trei moja zaidi. Ilipotoka, nikasema tena, trei moja zaidi. Saa ya ukutani nilikuwa naiona. Usidhani sikuiona. Bi Marta akaniuliza mara ya pili, "Hutachelewa?" Nikamjibu kwamba shughuli imeahirishwa, kwamba shule imeisogeza hadi alasiri. Nilimdanganya yeye kwanza, kabla sijakudanganya wewe.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini biskuti zangu siku ile zilitoka safi kuliko siku zote. Maji niliyatia kwenye ahadi yangu kwako.

Nilipotoka, kila robot, hizi taa za barabarani za huku, iliniwakia nyekundu. Nilifika getini shuleni saa nane, mlinzi anafagia karatasi za rangi. Akaniambia, "Wameondoka wote, sisi," yaani dada kwa lugha ya huku. Nikajifunga kanga ya kijani palepale nje ya geti, sijui kwa ajili ya nani.

Nilipitia kwa Mama Furaha kukuchukua. Alikuwa kwenye cherehani, wewe umelala kwenye vipande vya vitambaa. Hakunisalimia. Alisema, "Mutoto alisoma bien, Mama Salma. Lakini macho yake yote ilikuwa ku mulango." Akanionyesha kwenye simu. Unasimama, unatafuta mstari wa mbele, unatafuta wa pili, halafu unaanza kusoma huku unatazama mlango. Hukukosea hata neno moja. Video ile aliniwekea, ninayo mpaka leo, na nimeitazama mara nyingi kuliko ulivyowahi kudhani.

Ukaamka. Ukaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nina kopo la biskuti zilizovunjika nililopewa nikuletee, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli. Nikasema bosi amekataa. Ukasema, "Huyo gogo ana roho mbaya." Gogo, kama mnavyowaita vikongwe huku. Ukalichukua kopo, ukalimwaga lote kwenye pipa la taka la Mama Furaha. Mimi nikakaa kimya, na tena, Mungu anisamehe, nikakupapasa kichwa. Nilikupapasa kichwa kana kwamba tumeonewa wote wawili.

Hiyo ndiyo sababu hujaonja biskuti hizi miaka kumi na moja. Watu wakija Idi, nikiziweka mezani pamoja na visheti, wanakuuliza, nami najibu haraka, "Salma hapendi tangawizi." Wewe unayekunywa chai ya tangawizi asubuhi na jioni!

Moja imeungua kingo. Hiyo nitakula mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Imekuwa na vituo, na kituo kibaya kuliko vyote hukijui.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Bi Marta alikuwa mgonjwa, kitanda chake kimeletwa sebuleni karibu na dirisha. Aliniomba nije nawe Jumamosi. Alikuwa amekuwekea kitu. Ulikubali kunisindikiza, lakini tulipofika ulikataa kuvuka geti. Ulisema, "Sharp, sawa, Mama, mimi nangoja hapa," ukaweka vitu vyako vya muziki masikioni, ukakaa ukingoni mwa barabara umeupa mgongo ule mlango. Sikukulazimisha. Ningekulazimishaje?

Bi Marta alikuona kutoka dirishani. Alitazama mgongo wako kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mtoto wako ananichukia. Nilimfanya nini, Zuhura?"

Nikasema, "Ni umri wake tu. Ana haya."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kitu asichokiamini. Akaomba nimletee kopo. Haikuwa Desemba, zilikuwa biskuti nilizomwokea tu apate hamu ya kula. Akaweka moja kiganjani, akafumba macho, akaigonga. Vipande vitatu. Akaanza kuvila kimoja kimoja, polepole, maana meno yalikuwa yamebaki machache. Na kwa desturi yake hakuweza kusema kitu mpaka amalize.

Salma, nilikuwa na muda wote ule. Mtu amenyamaza mbele yangu, hawezi kunikatiza, hawezi kunijibu, na sentensi niliyokuwa nikiihitaji haikuzidi maneno matano. Nikaenda kwenye sinki nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Alipomaliza akafuta midomo, akasema, "Ombi halitakiwi kutajwa. Lakini nimeomba siku moja aingie ndani."

Wiki tatu baadaye alifariki. Mtoto wake aliwahi mazishi. Yule mwanamke amekufa akitafuta kosa lake, na kosa lilikuwa langu. Nimewaza sana kuhusu hilo, nikiwa kwenye basi la alfajiri kwenda Midrand, nikiwa nasugua masufuria ya kantini, nikiwa kwenye mswala. Kwake sina tena pa kusemea. Nimebaki na wewe.

Kitu alichokuwekea ni kile kibati cha kukatia, cha umbo la kopa, alichorithi kwa mama yake. Nilikuambia nimekinunua. Hata hicho!

Dakika tano.

Donge linakaribia kwisha. Nikisoma nilichoandika naona najieleza sana, miguu, uchovu, madharau ya mji. Nilikuwa nimechoka kweli, na nimechoka mpaka sasa, lakini sitaki udhani ni uchovu uliosema uongo. Miaka yote hii nilijua kwamba nikisema "mama amechoka" hutaniuliza tena, utazima taa na kunifunika. Nililitumia neno hilo mahali ambapo sikutaka kuulizwa. Wewe ulikuwa mtoto mwema, ukawa unaniamini.

Na kuhusu sifa, sitakukataza kuzipenda. Utasifiwa huko chuoni, una kichwa kizuri, hukukirithi kwa baba yako. Mimi nilikuwa na njaa nazo bila kujua kwamba nina njaa, ndiyo maana nilipopewa sahani moja nikasahau kuna mtu ananingoja. Ningejua mapema, labda ningekuja shuleni kwako nikasifiwa huko, kwa kukuzaa. Labda. Sijui. Mengine hata leo sijayajua.

Ninachokijua ni kidogo. Kukosa kuja siku ile lilikuwa kosa la saa mbili. Ungelia, ungeninunia wiki, ningekuombea radhi na pengine leo tungekuwa tunacheka. Lililotula sisi ni lile neno moja la jioni. Ukikosea huko uliko, na utakosea, liseme jioni ileile hata kama miguu inauma. Likilala siku moja tu, kesho yake utalihitajia lingine la kulilinda.

Bi Marta alimtumia mwanawe kopo kila Desemba. Nilikuwa nalipeleka posta mimi mwenyewe. Ombi lake la kila mwaka nililijua bila kuambiwa, maana baada ya kuvunja biskuti alikuwa akitazama geti. Nilikuwa namwonea huruma, nikisema moyoni, masikini Wazungu, watoto wao hawarudi. Kesho zamu yangu inaanza. Sikuokei ili urudi, Salma. Rudi ukitaka, na usipotaka, piga simu, na usipotaka hilo pia, nitaelewa, ingawa nitaumia, wala sitajifanya siumii.

Hatua zako nazisikia kwenye ngazi. Hapana, ni za mpangaji wa nyuma. Bado nina trei moja.

Kwanza nilifikiri kuiweka barua hii chini kabisa ya kopo, chini ya karatasi, chini ya biskuti. Nikajiona. Biskuti huzili, ungeipata lini? Ningekuwa nimekiri na kuficha kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nitaiweka juu, na kopo nitakukabidhi mkononi kesho kabla hujapanda basi, nikiwa nimekwisha kulifungua mbele yako. Usiisome pale stesheni. Isome basi likishatoka Joburg, ukiwa huwezi kushuka na mimi siwezi kukukimbilia kukueleza zaidi.

Kwenye kopo kuna kibati cha kopa, nimekifunga kwenye ile kanga ya kijani. Vyote ni vyako. Ramadhani iko karibu, na biskuti hizi zinakaa, kopo likifungwa vizuri zitafika Idi. Tangawizi ni ya unga. Zinavunjika.

Ukisoma mpaka hapa ukaamua usizile, hiyo ni haki yako, wagawie wenzako wa bweni. Ila sasa zikatae kwa sababu yangu mimi. Bi Marta umwachie, yeye aliomba uingie ndani.

Na kama utaweka moja kiganjani, sitakuuliza umeomba nini. Simu yangu itakuwa wazi, hata nikiwa kazini nitaiweka mfukoni mwa aproni. Ukinipigia ukawa kimya, sitasema haloo haloo, wala sitakata. Nitangoja. Nitajua una biskuti mdomoni.

Mama yako,
Zuhura